Kufunga tabo kwenye gari la kifahari: Piga hesabu kwanza, fundi baadaye

Na Mwandishi Wetu

UKIPANDA Mlima Kitonga mkoani Iringa na gari la dizeli lisilo na tabo, hakuna haja ya mtu kukuambia kwamba gari halivuti. Mguu umekanyaga mpaka mwisho, gia ni ya pili, moshi mweusi unafuka nyuma, na basi lililokuwa mbali sana kwenye kioo sasa linakupigia honi. Hapo ndipo wazo linapoingia kichwani: kwa nini nisifunge tabo?

Wazo hilo huwajia zaidi watu wanaomiliki magari mazuri ya zamani. Mkulima aliyevuna vizuri akanunua Land Cruiser ya mfululizo wa 80. Mfanyabiashara aliyepata Benzi ya dizeli iliyotunzwa. Kijana wa duka la vifaa mwenye Mark II Grande. Ni magari ya kifahari, bodi zake ni imara na viti vyake havichoshi, lakini injini nyingi kati ya hizo zilitoka kiwandani bila tabo. Gereji nyingi zitakuambia kazi hiyo ni ya siku mbili au tatu tu, na kwamba utalirudisha gari likiwa linapaa.

Ni kweli kwamba tabo inaweza kufungwa, na ni kweli kwamba gari litapata nguvu. Lakini tabo yenyewe ni sehemu ndogo tu ya gharama. Kinachokula mtaji ni vile vitu vinavyopaswa kwenda pamoja nayo, na kwa bahati mbaya ndivyo vinavyorukwa ili bei ionekane nafuu. Makala haya yanaeleza vitu hivyo ni vipi, na lini mkulima au mfanyabiashara mdogo anapaswa kusema ndiyo au hapana.

Tabo inafanya nini?

Injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, kama mtu anavyovuta pumzi, na haiwezi kupata zaidi ya ile iliyopo nje. Tabo ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Moshi unaotoka kwa kasi unazungusha gurudumu dogo lenye mapanga, gurudumu hilo linazungusha jingine kwa mhimili mmoja, na hilo la pili linasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na nguvu inaongezeka.

Si ufundi mpya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Gurudumu la tabo ya gari dogo linaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku upande mmoja ukipigwa na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi. Kinachoulinda mhimili wake ni utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo oili ikichelewa, ikiwa chafu au ikikosekana kwa muda mfupi tu, tabo inakwisha.

Viwanda vilifanya nini?

Njia nzuri ya kujua tabo inadai nini ni kuangalia watengenezaji wenyewe walifanya nini walipoiweka kwenye injini ambayo awali haikuwa nayo.

Mwaka 1978 kampuni ya Mercedes-Benz ilitoa 300 SD, gari kubwa la kifahari lililouzwa Amerika Kaskazini. Lilikuwa na injini ya dizeli ya silinda tano, lita tatu, ya ukoo wa OM617. Injini hiyo bila tabo ilikuwa na nguvu za farasi 80. Baada ya kuwekewa tabo ilifika 115. Lakini wahandisi hawakufunga tabo na kufunika boneti. Waliimarisha krenki, wakaweka valvu za kutolea moshi zenye sodiamu ndani ili zipoe haraka, na wakaweka jeti ndogo za kurushia oili chini ya pistoni ili kuzipoza. Tabo ilikuwa kitu kimoja katika orodha ndefu.

Chukua pia Land Cruiser, gari ambalo wasomaji wengi wanalijua. Mfululizo wa 80 ulipoanza mwaka 1990, ulikuja na injini mbili za dizeli zinazofanana kwa nje. Zote zina silinda sita na ujazo wa sentimita 4,164. Ya kwanza ni 1HZ isiyo na tabo, yenye nguvu za farasi 135. Ya pili ni 1HD-T yenye tabo, yenye farasi 165. Mtu anaweza kudhani tofauti ni tabo tu. Sivyo. 1HZ inabana hewa mara 22.4, wakati 1HD-T inabana mara 18.6. Tena 1HZ huanza kuchoma mafuta kwenye chumba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi, wakati 1HD-T hupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Toyota walijua kwamba tabo ingeongeza mgandamizo na joto, wakaijenga injini ya pili upya kwa ajili hiyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa injini za petroli. Mark II yenye injini ya 1JZ-GE, isiyo na tabo, hubana hewa mara 10 au zaidi. Ndugu yake 1JZ-GTE, yenye tabo na nguvu za farasi 280, ilitengenezwa ikibana mara 8.5, na baadaye mara 9. Walipunguza mgandamizo wa injini ili kuipa nafasi tabo.

Hivyo basi, fundi anayekuambia kwamba injini yako "ni ile ile, imekosa tabo tu" anakuficha nusu ya habari, au yeye mwenyewe haijui.

Dizeli na petroli haziharibiki kwa njia moja

Hapa pana jambo ambalo kila mwenye gari anapaswa kulikariri: injini ya dizeli yenye tabo huuawa na mafuta mengi, ya petroli huuawa na mafuta machache.

Kwenye dizeli, tabo ikishafungwa, fundi hukaza skrubu ya pampu ili mafuta yaongezeke. Gari linapata nguvu papo hapo na mteja anafurahi. Lakini mafuta yakizidi hewa iliyopo, moshi unakuwa mweusi na joto la moshi linapanda. Kumbuka kwamba aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Sentigredi, na pistoni nyingi ni za mchanganyiko wa aluminiamu. Pistoni haiyeyuki kila siku kwa sababu hupeleka joto lake kwenye kuta za silinda na kwenye oili. Ukiipa joto kuliko inavyoweza kulitoa, na ukaendelea hivyo dakika 15 za kupanda mlima na mzigo, inatoboka.

Kwa 1HZ, ugonjwa unaojulikana zaidi ni nyufa kwenye silinda hedi, jirani na valvu na vile vyumba vidogo vya kuanzia moto. Nchini Australia, ambako injini hii ni nyingi na kuna watu wanaouza seti kamili za kuifungia tabo, somo lililopatikana ni kwamba zinazodumu ni zile zilizopewa msukumo mdogo na mafuta ya kiasi. Zilizokazwa kupita kiasi hupasua hedi.

Kwenye petroli mambo ni ya haraka zaidi. Hewa ikiongezeka na mafuta yasipoongezeka kwa kiwango chake, au plagi ikiwasha mapema kuliko inavyotakiwa, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya wakati. Injini inagonga, na baada ya muda mfupi inanoki. Gari la petroli la kisasa linaongozwa na kompyuta iliyopangwa kwa injini isiyo na tabo. Kwa hiyo tabo juu ya Grande inahitaji nozeli kubwa, pampu ya mafuta yenye uwezo na kompyuta iliyopangwa upya na mtu mwenye vipimo. Kwa mfanyabiashara anayetegemea gari kwa kazi, ushauri wa makala haya ni mfupi: usifunge tabo kwenye injini ya petroli ya kawaida. Ni mchezo wa watu wenye gari la pili nyumbani.

Faida ya kweli ipo nyanda za juu

Haitakuwa haki kuisema tabo kwa ubaya tu. Ipo sehemu ambako ina faida ambayo haipingiki, nayo ni kwenye miinuko.

Usawa wa bahari, kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hewa inakandamiza kwa takriban pauni 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Ukifika Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kandamizo hilo ni takriban pauni 11.5. Maana yake injini isiyo na tabo inapata hewa pungufu kwa karibu moja ya tano hivi, na nguvu inapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Land Cruiser ya farasi 135 inakuwa kama gari la farasi 110 hivi. Pampu ya dizeli isiyo na kifaa cha kurekebisha mwinuko huendelea kutoa mafuta ya Dar es Salaam wakati hewa ni ya Njombe. Ndiyo sababu ya moshi ule mweusi.

Sasa angalia hesabu hii. Tabo yenye msukumo wa pauni tatu hadi nne tu inatosha kuirudishia injini ya Njombe hewa iliyokuwa nayo pwani. Si lazima kukaza pampu. Mafuta yaliyokuwa yakitoka kama moshi sasa yanaungua, gari linavuta, na joto la moshi linaweza hata kushuka. Kwa mkulima wa Makete, Mbeya, au wa Eldoret kule Kenya, tabo ya namna hii ni dawa.

Tatizo ni kwamba dozi ya pauni nne haimfurahishi anayetaka gari lipae. Huongezwa ikawa pauni saba, kisha kumi, kisha skrubu ya pampu inazungushwa. Waswahili wanasema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Weka bei ulizopewa wewe mahali pake. Mfanyabiashara wa viazi ana Land Cruiser ya 1HZ. Anapewa bei hii: tabo na manifodi yake Sh2,500,000, mabomba ya oili, ya hewa na ekzosi pana Sh800,000, geji za joto la moshi na msukumo wa hewa Sh400,000, kupima na kurekebisha pampu na nozeli Sh700,000, rejeta, gasketi na ukaguzi wa injini Sh900,000, klachi Sh700,000, na ufundi Sh1,000,000. Jumla ni Sh7,000,000.

Utaona kwamba tabo na manifodi, ambavyo ndivyo vinavyotajwa kwenye mazungumzo ya kwanza, ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya gharama. Anayefunga kwa Sh3,500,000 mara nyingi amefuta geji, pampu, rejeta na klachi. Hajaokoa fedha, ameziahirisha.

Sasa tuangalie upande wa mapato. Tuseme gari likipata nguvu anawahi soko na kupata faida ya ziada ya Sh100,000 kwa wiki. Atahitaji wiki 70 kurudisha Sh7,000,000. Kama msimu wake wa viazi ni wiki 20 kwa mwaka, hiyo ni misimu mitatu na nusu. Na hapo hatujaweka oili itakayobadilishwa mara nyingi zaidi, wala riba kama fedha ni za mkopo. Silinda hedi ikipasuka msimu wa pili, gari linalala gereji wakati viazi vinasubiri shambani, na hesabu yote inaanza upya kutoka chini ya sifuri.

Wengine hutumaini kuokoa mafuta. Usiweke fedha hiyo kwenye hesabu. Ukiendesha kwa mwendo ule ule wa zamani unaweza kuona nafuu kidogo, hasa milimani. Ukiitumia nguvu uliyoinunua, utainunulia na mafuta yake.

Jambo jingine: tabo haiongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Springi ni zile zile, na breki ni zile zile. Gari lililopanda mlima na mzigo mkubwa kwa sababu lina tabo litateremka upande wa pili likiwa na breki za kiwandani. Kitonga hakiui kwa kupanda, kinaua kwa kushuka.

Ukiamua kufunga

Kama hesabu imekubali, na gari ni la dizeli, fuata mpangilio huu.

Kwanza, pima injini kabla ya kununua chochote. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda, aangalie kama maji yanapungua kwenye rejeta, kama oili inapanda juu, na kama moshi ni wa buluu. Injini iliyochoka haiponi kwa tabo. Fedha yako ya kwanza iende kwenye kuitengeneza.

Pili, nunua tabo inayolingana na injini. Kubwa mno huchelewa kuamka na haikusaidii mlimani. Ndogo mno huziba moshi na kupandisha joto. Ukinunua iliyotumika, shika mhimili wake uutikise: ukicheza juu na chini mpaka mapanga yakagusa ukuta, iache. Angalia kama mapanga yamemeguka na kama kuna oili imejaa ndani.

Tatu, usikubali kazi bila geji ya joto la moshi. Hii ndiyo macho yako. Waendeshaji wengi wa dizeli za namna hii hujiwekea kikomo cha karibu nyuzi 700 pale kipimo kinapochomekwa kabla ya tabo. Sindano ikikaribia hapo, punguza mguu na ushuke gia.

Nne, pampu irekebishwe kwenye mashine ya kupimia, siyo kwa sikio. Na msukumo wa hewa uanze chini. Kwa 1HZ inayofanya kazi, hakuna sababu ya kuvuka pauni saba.

Tano, bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo liwe pana na literemke moja kwa moja. Likipinda au likibanwa, oili itapita kwenye sili na utaona moshi wa buluu hata kama tabo ni mpya.

Sita, andikiana na fundi. Orodha ya vifaa, bei, na nini kitatokea kama kazi ikiharibika. Mjulishe pia anayekukatia bima. Mabadiliko yaliyofichwa huleta ubishi siku ya madai, na siku hiyo wewe ndiye mnyonge.

Baada ya kufunga

Gari lenye tabo lina adabu zake. Asubuhi usilipige mguu mara linapowaka. Subiri oili ifike juu. Ukitoka kupanda mlima au safari ndefu, liache linguruma polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili tabo ipoe wakati oili bado inazunguka. Badilisha oili na filta mapema. Kilomita 5,000 ni kipimo kizuri kwa barabara zetu za vumbi. Filta ya hewa isiwe na tundu hata dogo, maana mchanga unaopita hapo unakula mapanga.

Ukisikia mluzi mpya, ukaona nguvu imepungua ghafla, oili inapungua au gari linachemsha, simama. Kuendelea mpaka gereji ya jirani ndiko kunakogeuza tatizo la bomba kuwa tatizo la injini nzima.

Kuna njia nyingine

Kabla ya yote haya, jaribu vitu vya bei ndogo. Magari mengi yanayosemwa hayana nguvu yana filta ya hewa iliyoziba, nozeli zilizochoka, valvu zisizosetiwa miaka mingi, au breki zinazokamata. Huduma kamili inaweza kurudisha nguvu ambayo mwenye gari alidhani haikuwahi kuwapo.

Na kama bado haitoshi, uliza bei ya gari lililozaliwa na tabo. Uza hilo lako likiwa zima, ongeza ile Sh7,000,000 ya mfano wetu, uone inakufikisha wapi. Injini ya 1HD-T au nyingine ya namna yake ina vipuri vinavyojulikana, na mafundi wanajua ilivyotakiwa kuwa. Iliyofungwa gereji inajulikana na fundi mmoja tu, na siku akihama mji, umebaki na kitendawili. Hata siku ya kuuza, mnunuzi mwangalifu ataiogopa.

Mkulima hapandi mbegu mpya shamba zima kwa sababu jirani kasema ni nzuri. Huuliza udongo wake, mvua yake na soko lake. Gari nalo ni hivyo hivyo. Kama unaishi pwani na gari lako ni la starehe, acha lilivyo. Kama uko nyanda za juu, dizeli yako ni nzima, na una fedha ya orodha yote siyo ya tabo peke yake, funga, kwa msukumo mdogo, na macho yawe kwenye geji.